Mageni na Sauti ya Bosi Kangi

Mageni binti Mayala alikuwa mpiga chapa wa kiwanda cha kuchambua pamba pale Kahama, kile ambacho watu wote walikiita jineri, na alijijua kuwa hodari. Wakulima waliokuja kulalamikia stakabadhi zao walikaa kwenye benchi la nje, wakasikiliza mashine yake ikilia kama mvua ya mawe juu ya bati, na wengine walipoitwa ndani walikuwa wameshasahau nusu ya malalamiko. Aliandika jina la kijiji chochote kuanzia Isaka mpaka Runzewe bila kuuliza, na mtu akitamka jina lake kwa Kisukuma cha ndani kabisa, yeye aliliandika sawasawa mara ya kwanza.

Alikuwa na miaka thelathini na minne, mjane, na binti yake mmoja aitwaye Limi alikuwa darasa la tano. Walipanga vyumba viwili Nyasubi. Kabla ya jineri alifanya kazi Shinyanga mjini, katika ofisi ambayo hakupenda kuitaja. Bosi wake wa huko alikuwa na tabia ya kumbakiza jioni kwa kusingizia kwamba kuna barua ya haraka, na barua yenyewe ikawa haipo. Mageni alipomkatalia waziwazi, yule bwana alianza kumtupia karatasi mezani mbele ya wenzake. Mageni alikaa naye miezi miwili zaidi, kisha asubuhi moja akapiga chapa barua ya kuacha kazi, nakala tatu. Ya kwanza akampa bosi, ya pili akampelekea mkubwa wa bosi, ya tatu akaitia mkobani akaenda stendi. Alipokisimulia kisa hicho hakulia wala hakupandisha sauti. Alisimulia kama mtu anayeeleza alivyovuka mto uliojaa.

Mchezo wa Wakorea ulimfikia kwa njia ya karatasi. Ilikuwa Januari ya mwaka 1998, mvua za Elinino zimekata barabara kila upande, malori yamelala njiani kuelekea Ushirombo na magurudumu yamezama mpaka katikati. Msimu wa pamba ulikuwa umekwisha zamani na ofisini hapakuwa na kazi kubwa. Ndipo Zahid, mwenye duka la redio na banda la video pale sokoni, akaingia na bahasha iliyolowa pembe moja.

Zahid alimsalimia, akamuuliza hali ya Limi, kisha akaeleza shida yake. Kulikuwa na sista mmoja Mkorea, Sista Agata, muuguzi wa zahanati ya masista njia ya Ushirombo. Mpwa wake alikuwa amemtumia kutoka kwao mikanda kumi na miwili ya mchezo uliorekodiwa kwenye televisheni. Deki ya masista ilikuwa ya aina nyingine, na mikanda ile ikiwekwa humo picha inakimbia na kuwa nyeusi na nyeupe yenye michirizi. Deki ya Zahid ilitoka Dubai na ilikubali mkanda wa nchi yoyote. Wakapatana: Sista aje autazame mchezo wake dukani kwa Zahid kila anapokuja mjini kuchukua dawa, na Zahid apate ruhusa ya kuuonyesha bandani Jumamosi na Jumapili alasiri. Kwa kuwa hakuna mtu Kahama aliyejua Kikorea, Sista aliandika kwa penseli muhtasari wa kila mkanda kwa Kiswahili. Zahid alitaka upigwe chapa, kwa sababu Bujiku, mtafsiri wake wa filamu, alidai mwandiko wa Sista unamchosha macho.

Mageni akaanza kupiga. Muhtasari ulikuwa umeandikwa kwa Kiswahili safi, sentensi fupi fupi. Msichana aitwaye Misuk anaanza kazi ya ukarani katika kampuni ya vitambaa huko Seoul. Mkuu wa idara yake, Bwana Kang, ni mtu mkali. Siku ya pili anamtupia taarifa yake mezani mbele ya wote, kwa kosa moja la tarehe. Misuk analia chooni. Jioni Bwana Kang anambakiza kazini. Baadaye watapendana.

Hapo vidole vikasimama. Mageni aliisoma tena sentensi ya mwisho, akamtazama Zahid aliyekuwa akingoja kwenye kiti.

"Mtu wa namna hii anashtakiwa," alisema. "Hachumbiwi."

Zahid akacheka akasema ni mchezo tu. Mageni akamaliza ukurasa, akautoa kwenye mashine, akamkabidhi. Hakutaka malipo. Alisema atakuja Jumamosi kutazama mwenyewe upuuzi huo unaishaje.

Banda la Zahid lilikuwa ukumbi wa mabati wenye mabenchi ya mbao, na mapazia ya magunia yaliyozuia mwanga. Jenereta lilinguruma nyuma. Siku za kawaida palijaa vijana waliokuja kutazama filamu za ngumi, na Bujiku alisimama kando ya televisheni na fimbo mkononi, akisimulia kwa sauti iliyoshinda jenereta. Jumamosi ile walikuwepo pia akina mama, kwa sababu Zahid alitangaza sokoni kwamba ni mchezo wa mapenzi na hakuna atakayekufa.

Bujiku alikuwa na karatasi ya Mageni mkononi lakini hakuitazama hata mara moja. Bwana Kang, ambaye kwake alikuwa Bosi Kangi, akawa shujaa. Misuk akawa Misuku, msichana mvivu wa kijijini aliyekuja mjini kutafuta mume tajiri. Bosi alipotupa taarifa mezani, Bujiku alieleza kwamba Misuku ameiba fedha za kampuni. Misuku alipolia chooni, Bujiku akasema analia kwa sababu amegundulika. Vijana wakapiga makofi.

Mageni alisimama kutoka benchi la nne. Alisema kwa utulivu kwamba yeye ndiye aliyeipiga chapa karatasi ile, na hakuna fedha iliyoibwa ndani yake. Taarifa imetupwa kwa sababu ina kosa moja la tarehe. Watu wakaguna, wengine wakacheka, Bujiku akamwambia kama anajua Kikorea aje mbele. Kabla hajajibu, Mwanaima, muuza mchele aliyekuwa amekaa mbele kabisa na kikapu chake mapajani, akasema kwamba yeye amelipa kuona mchezo wa Wakorea, si mchezo wa Bujiku, na mwenye karatasi aisome. Akina mama wakamuunga mkono. Zahid alikuwa mfanyabiashara. Alitazama ni upande gani una watu wengi, akarudisha mkanda mwanzo, akampa Mageni kiti.

Tangu siku hiyo mchezo wa Wakorea ukawa wake. Bujiku alibaki na ngumi zake siku za wiki na wala hakununa, maana alikiri kwamba watu wanaoongea saa nzima bila kupigana walikuwa wakimtoa jasho.

Mageni alijiandaa kama mtu anayekwenda mahakamani. Kila Ijumaa alipata karatasi mpya za Sista kupitia kijana wa zahanati aliyepita matopeni kwa baiskeli, akazipiga chapa, akazisoma mara tatu. Jumamosi alisimama kando ya televisheni, mgongo umenyooka, akasimulia. Alimpa Misuku sauti yake mwenyewe, ya kawaida, ya mtu mwenye akili anayejifunza kazi. Akampa Bosi Kangi sauti nyingine. Waliokuwa wamefanya kazi Shinyanga miaka ya themanini wangeweza kuitambua: nzito, ya kukokota, inayomaliza kila sentensi kama mlango unaofungwa. Hakupanga kufanya hivyo. Ilitoka yenyewe, naye akaiona inafaa.

Kahama yote ikamchukia Bosi Kangi. Sokoni, muuza duka akimkaripia mfanyakazi wake, watu walimwambia asijifanye Kangi. Wakati wa mkanda wa tano mabenchi hayakutosha na watu walisimama pembeni. Mwanaima alifunga biashara yake saa nane kila Jumamosi, na wateja wake wakazoea kununua mchele mapema.

Mtu mmoja tu hakukubaliana. Huyo alikuwa Stanslaus, karani wa mizani wa jineri, ambaye alikuwa amefanya kazi na Mageni miaka sita, yeye akiandika uzito na Mageni akipiga stakabadhi. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mrefu, mpole, aliyeachana na mke wake zamani, na aliyevaa shati lililopigwa pasi hata siku ya vumbi la pamba. Alikaa benchi la tatu kila Jumamosi. Jumatatu moja baada ya mkanda wa sita aliingia ofisini, akamsalimia kwa Kisukuma, mwadila, kwa kuwa ilikuwa alasiri, akakaa. Akasema anadhani Mama Limi anamwonea yule bwana.

Mageni akamuuliza ameonewa wapi.

Stanslaus akaeleza polepole. Katika mikanda ya kwanza, Bosi Kangi alimpa Misuku karatasi kwa mkono mmoja, tena bila kumtazama. Lakini tangu mkanda wa nne anampa kwa mikono miwili. Hata kikombe cha chai alimpa kwa mikono miwili, mbele ya wenzake. "Mama yangu alitufundisha kumpa mtu mzima kitu namna hiyo," alisema. "Sijui Kikorea. Ila mikono naijua."

Mageni alimjibu kwamba hata chui hukanyaga taratibu kabla hajaruka, na kwamba wanaume hutetea wanaume. Stanslaus hakubishana. Aliinuka, akarudi kwenye mizani yake. Mageni akaendelea na kazi, lakini jibu lake mwenyewe halikumpendeza sana.

Mwezi Machi njia ikapitika kwa siku chache na Sista Agata akafika mjini na gari la zahanati. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, mwenye miwani mizito na viatu vya mpira vilivyojaa tope. Mikanda yake alikuwa ameshaitazama yote dukani kwa Zahid kabla barabara haijakatika, lakini hakuwahi kuingia bandani. Siku hiyo aliingia, akakaa benchi la nyuma kati ya akina mama wawili waliompisha kwa heshima, akausikiliza mkanda wa saba ukisimuliwa na Mageni kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Watu walipotoka, Sista alibaki. Alimsifu Mageni kwanza. Alisema Misuk amezungumza vizuri, kama alivyozungumza kule. Kisha akauliza, kwa upole, kwa nini Bwana Kang ana hasira hivyo.

"Si ndivyo alivyo, Sista?" Mageni aliuliza.

"Mwanzoni, ndiyo. Sasa hapana." Sista alivua miwani akaifuta kwa pindo la joho lake. "Kwetu, mama, maneno yana ngazi. Mkubwa akisema na mdogo, neno linaishia hivi. Akisema na mtu anayemheshimu, linaishia vile. Bosi anaruhusiwa kusema na karani wake kwa ngazi ya chini, hakuna atakayeshangaa. Huyu ameacha. Kuanzia mkanda wa nne, hata mbele ya wakubwa wake, anasema na Misuk kwa heshima. Wenzake ofisini wamestuka. Ndiyo maana wanatazamana."

Mageni alikumbuka lile tukio. Makarani wanne walitazamana juu ya meza zao, naye aliwaambia watazamaji kwamba wanamwogopa bosi.

"Ni kama bosi ampe mpiga chapa wake shikamoo?" aliuliza.

Sista akafikiri. "Siyo sawasawa. Lakini ni karibu na hapo."

"Mbona hukuandika kwenye karatasi?"

"Nilidhani inasikika," Sista alijibu. Jibu lile lilikuwa la kweli na halikuwa na msaada.

Mageni alirudi Nyasubi kwa miguu. Alikuwa amemkosoa Bujiku mbele ya watu kwa kubadilisha karatasi. Yeye hakubadilisha hata neno moja la karatasi, lakini alikuwa ameivalisha sauti ya mtu mwingine kabisa, mtu wa Shinyanga, asiyehusika na Wakorea wala na vitambaa vyao, na mji mzima ukamwamini. Alipofika nyumbani alipika, wakala na Limi, akakagua daftari la hesabu la mtoto. Akashindwa kuudanganya moyo wake kwamba ni jambo dogo.

Jumamosi iliyofuata alimwambia Zahid aweke mkanda wa nne badala ya wa nane. Zahid akapinga, akasema watu watadai fedha zao. Mageni akamwambia wakidai awarudishie, yeye atafidia. Kisha akasimama mbele.

Hakuzunguka. Aliwaambia kwamba amewasimulia vibaya mikanda minne. Akaeleza habari ya ngazi za maneno kama Sista alivyomweleza, akatoa mfano wa shikamoo ili waielewe. Akasema kuna mtu mmoja aliyeiona mikono akamwambia, naye akampuuza. Hakumtaja jina, lakini macho yake yalikwenda benchi la tatu. Kisha akasema, "Leo tunarudia. Sikilizeni, sitamwongezea kitu."

Ukumbi ulinung'unika kidogo kisha ukatulia. Mkanda ukaanza. Safari hii Mageni alimpa Bosi Kangi sauti ya mtu wa kawaida, mwenye aibu kidogo, anayechagua maneno. Ilipofika pale makarani wanapotazamana, mtu alicheka pembeni kwa kuelewa, na kicheko kikasambaa benchi kwa benchi. Mwanaima aligeuka nyuma akasema kwamba kumbe miezi miwili yote wamemtukana mwanamume wa watu bure.

Maoni ya mji yakageuka kama upepo wa mvua. Wiki mbili baadaye Bosi Kangi alikuwa kipenzi cha Kahama. Vijana walijifunza kupokea chenji kwa mikono miwili. Mageni mwenyewe aliupenda mchezo kuliko alivyotaka kukiri, ingawa alimwambia kila aliyeuliza kwamba kutupa karatasi siku ya pili kulikuwa kosa na kungebaki kosa, mikono iwe miwili au minne.

Stanslaus hakumkumbusha kwamba alisema kweli. Jambo hilo Mageni alilitambua. Alianza kutambua na mengine: kwamba karani wa mizani hakuwahi kumletea orodha akiwa amesimama mlangoni na kuitupa, bali aliingia, akasubiri amalize mstari, ndipo akaiweka, kwamba miaka sita yote hajawahi kumwita "wewe". Walianza kunywa chai pamoja saa nne, kwenye benchi la nje. Waliongea habari za Misuku, kisha habari za mvua, kisha habari zao.

Karatasi za mkanda wa kumi na mbili zilifika mwishoni mwa Aprili. Mageni alikaa kuzipiga chapa akiwa na furaha. Misuk na Bwana Kang wanakubaliana kuoana. Mama yake Bwana Kang anakubali. Misuk, ambaye mwezi uliopita amepandishwa cheo, anaandika barua ya kuacha kazi. Anasafisha meza yake. Wenzake wanampa maua. Anatabasamu. Mwisho.

Alisoma mara mbili kuhakikisha kwamba hakuruka ukurasa. Hakuwa ameruka. Chini kabisa Sista aliandika kwa herufi ndogo kwamba nyumbani kwao, wakati wa ujana wake, ilikuwa hivyo. Mwanamke akiolewa anatoka ofisini, na dada yake mkubwa aliacha kazi benki siku tatu kabla ya harusi.

Zahid alipokuja kuchukua nakala na kuisoma, uso ukamshuka. Aliijua hadhira yake. Mabenchi ya mbele yote yalikuwa ya wanawake wenye biashara zao. Akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Mama Limi, nani anajua Kikorea hapa? Sema wamempa ofisi kubwa zaidi, anahamisha vitu. Maua yanafaa hata kwa hilo."

Mageni akamtazama. Wazo lilikuwa rahisi na lingefanya kazi. Picha zote zingekubali: meza inasafishwa, maua, tabasamu. "Nilishawaongopea mara moja bila kujua," alisema. "Sasa najua."

Aliusimulia jinsi ulivyoandikwa. Misuku alipoinua barua yake kwa mikono miwili na kuiweka juu ya meza ya Bosi Kangi, Mageni alisema wazi: anaacha kazi ili aolewe.  Muziki wa furaha ukapigwa, majina ya Kikorea yakapanda kwenye kioo, na hakuna aliyepiga makofi.

Mwanaima ndiye aliyeanza. Hakupaza sauti. Aliuliza kama kuna mkanda wa kumi na tatu. Akaambiwa hakuna. Akainuka, akachukua kikapu chake. "Mtu amejifunza kazi miaka yote hiyo, amelia chooni, amepandishwa cheo," alisema, "halafu mwisho wa heshima yote ndio huo." Akatoka.

Kwa mwezi mzima mji uligombana juu ya barua ile. Wapo wanaume waliosema ndivyo inavyopaswa, mke wa bosi hawezi kuwa karani. Wapo wanawake waliosema pia hivyo. Wengi walisema Bosi Kangi angekuwa na mapenzi ya kweli angemzuia. Baadhi walimlaumu Mageni kana kwamba ndiye aliyeiandika barua, naye aliwajibu kwamba mpiga chapa hatungi. Lakini moyoni alikuwa ameufikia uamuzi wa tatu juu ya mchezo ule. Kwanza aliudharau, kisha akaupenda, na sasa aliuona kama mtu aliyemfahamu vizuri, mwenye upole wa kweli na upungufu wa kweli, asiyehitaji kutetewa wala kutukanwa.

Juni msimu wa pamba ukafunguliwa na Stanslaus akamwomba wazungumze. Walikaa kwenye benchi lao saa ya chai, magari ya pamba yakiwa yamepanga foleni mpaka barabarani. Alimwambia anataka kumwoa. Alisema ameshawaambia ndugu zake, na kwamba Limi atakuwa mtoto wake. Mageni alifurahi, na hakuificha furaha yake. Kisha Stanslaus akataja kikwazo. Bwana Jashvant, mwenye jineri, alikuwa na sharti la siku nyingi: mume na mke wasifanye kazi ofisi moja, hasa mmoja akiwa kwenye mizani na mwingine kwenye stakabadhi, kwa kuwa wakulima watasema wanakula njama. Sharti lenyewe Mageni aliliona la haki.

"Kwa hiyo itabidi utafute kazi nyingine," Stanslaus alisema. "Au upumzike kidogo, tuone."

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayesoma uzito kwenye mizani. Mageni aliweka kikombe chini.

"Umefikiriaje kwamba ni mimi?" aliuliza.

 Stanslaus akakiri kwamba hakufikiri. Alikuwa amechukulia hivyo tu.

"Basi nenda kafikiri," Mageni alimwambia. "Nakutaka, sikufichi. Lakini mimi sitoki kwenye mashine yangu kwa kuwa mtu amechukulia hivyo tu."

Alikwenda kufikiri, na alichukua wiki tatu. Katika wiki hizo waliendelea na kazi kama kawaida, orodha zikaja, stakabadhi zikatoka. Mageni hakuwa na wasiwasi kama alivyodhani angekuwa nao. Alijua alichosema na alijua kwa nini. Ikiwa angerudi na jibu jingine, ingemuuma, kisha ingepita, kama mengine yalivyopita. Mwanaima, aliyepewa habari kwa siri, alimshauri alegeze kidogo, wanaume wapole ni wachache. Mageni akasema mpole asiyeweza kufikiri hilo moja angemchosha mbele ya safari.

Jumatatu ya wiki ya nne Stanslaus aliingia, akasubiri amalize mstari. Kisha akasema amezungumza na wanunuzi wa pamba wa Ushirombo. Walikuwa wakitafuta mtu wa kusimamia kituo chao cha kununulia, mwenye kuijua mizani na asiyeibia wakulima. Ameahidiwa kazi kuanzia Agosti. Ni mbali, atakuwa anarudi Kahama mwisho wa wiki barabara ikiruhusu. Akaongeza kwamba kusema kweli kazi ile ni kubwa kuliko aliyonayo, na kwamba asingeitafuta asilani kama asingefukuzwa akafikiri.

"Nani amekufukuza?" Mageni aliuliza huku akicheka.

Walifunga ndoa Novemba, pamba ilipokwisha. Sista Agata alikuja na gari la zahanati na kuwaletea shuka mbili nyeupe zilizopambwa pembeni kwa mkono. Alikaa na akina mama akala ubwabwa. Mwanaima, ambaye kwa miezi alikuwa na deni la kumuuliza, alimuuliza kama yule dada yake wa benki aliwahi kujuta. Sista alisema dada yake ana watoto wanne na bustani nzuri, na kwamba miaka kumi baada ya harusi alimwandikia barua akisema bado huamka baadhi ya asubuhi akihesabu noti kichwani. Hakusema kama hayo ni majuto. Akina mama waliliacha hapo, wakamwongezea nyama.

Mwaka uliofuata katibu wa ofisi ya jineri alistaafu na Bwana Jashvant akamweka Mageni mahali pake, na mpiga chapa mpya akaajiriwa chini yake. Stanslaus alipata pikipiki ya kazi, na Ijumaa alasiri ilisikika ikikata kona ya Nyasubi kabla haijaonekana. Waliishi hivyo, siku mbili pamoja na tano mbalimbali, na waliokuwa wakiwahurumia wakachoka kuwahurumia.

Jambo moja tu hawakupatana. Stanslaus alishikilia kwamba Misuku alifanya alivyotaka mwenyewe, kwa sababu alikuwa akitabasamu, na mtu hawezi kutabasamu vile kwa kulazimishwa. Mageni alisema tabasamu si ushahidi, angeulizwa kwanza ndipo ijulikane. Waliligombania hilo Jumamosi nyingi, mezani, wakimega ugali, na Limi akajifunza kuwahi mboga wakati wazazi wake wako Seoul.